Jeni ya Kimulimuli

Dada yangu alipofariki sikulia. Naliweka hili mwanzoni kwa sababu lilizungumzwa kuliko kifo chenyewe, na kwa sababu watu wa kanisa la mama yangu walilifanya ushahidi. Sikulia hospitalini. Sikulia kwenye matanga kwa mama, kule Kayole, Nairobi. Tulipofika nyumbani magharibi mwa Kenya na jeneza likaanza kuteremshwa, wanawake wakijitupa chini, mimi nilisimama tu. Nakumbuka jua kichwani na kokoto ndani ya kiatu cha kushoto. Ilikuwa kama ganzi ya daktari wa meno: unajua jino linang'olewa, unasikia hata mlio wake, lakini ni kama jino la mtu mwingine.

Aliniachia mtoto. Alilisema kwa mdomo wake, siku ambayo bado alikuwa na pumzi ya kusema, mama yetu ameketi ukingoni mwa kitanda. "Huyu ni wako," aliniambia. "Usikubali azungushwe kwa watu." Mtoto alikuwa msichana, hajatimiza miaka mitatu, na baba yake alihama Nairobi kabla hajazaliwa, hatukumtafuta. Dada alikufa kwa kifua. Ndivyo tulivyosema sote miaka hiyo ya tisini. Mtaa mzima ulikuwa ukifa kwa kifua na malaria, na mtu hakumwuliza mwenzake zaidi ya hapo. Mtoto alikuwa mzima. Hilo nilikuwa nimelihakikisha mimi mwenyewe.

Kwa hiyo jambo lenyewe lilikuwa wazi. Mama alikuwa na presha na magoti mabovu, na alikwisha kutangaza kwamba mwisho wa mwaka angefunga kibanda chake cha mboga arudi nyumbani. Ama mtoto aje kwangu Umoja, nilikokuwa nimepanga chumba na jiko, ama aondoke na mama. Na kule, mama akishachoka, mtoto angezungushwa. Dada na mimi tulilijua neno hilo kwa undani. Mwaka baba alipopoteza kazi kiwandani tulizungushwa sisi: muhula huu kwa shangazi, muhula ujao kwa binamu ya mama, kila mlango unaingia na sahani yako mwenyewe. Sahani ya dada ilikuwa ya bati, ya bluu, na aliilinda kama cheti cha kuzaliwa. Ndiyo maana alisema alichosema.

Kilichoharibu mambo ni kinywa changu. Mdomo uliponza kichwa, na wangu ulifanya hivyo mbele ya watu, penye chai na mandazi.

Lazima nieleze kwanza kazi niliyokuwa nikiifanya, kwa sababu hata leo naona haikuwa kazi ya kutisha mtu. Nilikuwa msaidizi wa utafiti kwenye maabara moja upande wa pili wa jiji. Tulikuwa tukichunguza ndigana, ule ugonjwa wa kupe uliomaliza ng'ombe wa babu yangu. Kila seli ya mwili inabeba maagizo ya mwili mzima, na maagizo hayo ndiyo jeni. Lakini seli haitekelezi yote kwa pamoja. Seli ya jicho la ng'ombe ina maagizo ya kutengeneza pembe, na haitengenezi pembe. Swali letu lilikuwa hili: kimelea cha ndigana kikiingia ndani ya seli nyeupe ya damu, ni agizo lipi linawashwa?

Huwezi kuchungulia ukaona. Kwa hiyo unatafuta mpasha habari. Kimulimuli, yule mdudu anayewaka gizani, ana jeni inayotengeneza protini fulani, na protini hiyo ikikutana na chakula chake, inatoa mwanga. Sasa, mbele ya kila jeni kuna kitu kama swichi. Unakata swichi ya jeni unayoichunguza, unaiunganisha na jeni ya kimulimuli, kisha unaiingiza hiyo ndani ya seli. Tangu hapo, kila seli ikiwasha swichi hiyo, inatengeneza na mwanga. Baadaye unazivunja seli, unatia dawa, unakiweka kichupa ndani ya mashine, na mashine inakusomea mwanga ambao macho yako hayawezi kuuona. Mwanga mwingi, swichi imewashwa. Mwanga kidogo, imewashwa kidogo.

Tatizo ni giza. Mashine ikikupa giza, hujui umeambiwa nini. Pengine swichi haijawashwa. Pengine ile jeni haikuingia hata. Pengine seli zilikufa tangu jana na wewe unahoji maiti. Ndiyo maana miaka ile ya mwisho ya tisini tulianza kuingiza taa mbili. Ya pili inatoka kwa kiumbe fulani wa baharini, na tunaifunga kwenye swichi isiyozimika. Unasoma taa ya kimulimuli, unaizima kwa dawa nyingine, unasoma ya pili. Ya kwanza ikiwa giza na ya pili ikiwaka, unajua seli iko hai. Ni kwamba tu haijibu unachoiuliza.

Niliipenda kazi ile. Nilipenda hata kelele ya jokofu lake.

Sasa njoo kwenye matanga. Ilikuwa jioni, tumekaa uani kwenye ploti alikopanga mama, turubai limefungwa kutoka dirisha la jirani hadi kwenye mti wa kamba ya nguo. Mama ni muumini wa kanisa la ngoma na kanzu nyeupe, lile linalopita barabarani Jumapili likiimba, na waumini walikuja wote. Mzee wa kanisa alikuwa ameketi karibu nami. Alikuwa mtu mzima, mstaarabu, aliyefanya kazi kwenye kiwanda cha sabuni mpaka akastaafu, na nadhani alitaka tu kunitoa kwenye ukimya wangu.

"Binti yetu," aliniuliza, "wewe siku hizi unafanya kazi gani huko?"

Nilimjibu kwa Kiswahili, kwa sababu watu wa magharibi na watu wa kati walikuwa wamechanganyika pale, na nilitaka kila mtu aelewe. Nilisema: "Tunachukua jeni ya kimulimuli, tunaiingiza ndani ya seli. Ikiwaka, inaturipotia kinachoendelea mle ndani."

Aliyekuwa akimimina chai alisimamisha birika.

Nimeirudia sentensi hiyo mara nyingi tangu siku ile, na kila neno ndani yake ni shimo. Seli, kwa mtu wa Kayole, ni pale unapolala ukishikwa bila kitambulisho. Kimulimuli ni taa ya juu ya gari la polisi. Kuripoti ni kwenda kituoni. Na kila ploti ya Eastlands, upande wetu wa mashariki wa jiji, ina msichana anayeitwa Jeni, kwa hiyo wapo waliodhani nimemtia mtoto wa watu korokoroni. Hao walikuwa wenye nafuu. Waliobaki hawakusikia jeni. Walisikia jini.

Mtu wa pwani asingekosea. Angesikia nikisema "jeni ya" na angejua papo hapo kwamba si jini, kwa sababu jini kwake ni "jini la". Sarufi ingeniokoa. Lakini sisi Eastlands kila kitu ni "ya". Gari ya, jina ya, jini ya. Tuliifukuza "la" mitaani kwetu kitambo sana, tukacheka walioitumia, na siku nilipoihitaji haikuwepo kunitetea. Isitoshe, miaka hiyo jiji zima lilikuwa likinong'ona kuhusu waabudu shetani na wanawake wenye kwato, na mimi nikaketi penye msiba nikasema tunaingiza jini ndani ya kitu na linawaka.

Jirani wa chumba cha pili, mwanamume wa rika langu aliyekuwa akiuza pombe haramu ya chang'aa kwa mlango wa nyuma, alinifuata kwenye bomba la maji.

"Niaje siz. Pole kwa msiba," alisema. "Lakini niambie tu ukweli. We ni karao?"

"Mimi si polisi. Nafanya utafiti wa ng'ombe."

"Sasa hiyo seli yenu mnawekanga nani?"

"Ni za ng'ombe."

"Ai! Kwani hata ng'ombe wameanza kushikwa?"

Siku nyingine ningecheka mpaka nikae chini. Nilijaza ndoo yangu nikarudi. Naye, kwa usalama, hakuuza kitu nilipokuwa pale mpaka matanga yakaisha, na nasikia wateja wake walinilaani sana.

Tulisafirisha mwili, tukazika. Nimeshasema nilivyosimama. Mama yeye alilia. Alipiga nduru tangu tulipoingia kwenye boma mpaka sauti ikabaki upepo tu, wakamshika wanawake wawili huku na huku. Watu wakamtazama yeye, kisha wakanitazama mimi.

Wiki moja baada ya kurudi Nairobi, Jumamosi, nilikwenda Kayole kumchukua mtoto. Nilikuwa nimenunua kitanda kidogo na neti. Mtoto aliponiona mlangoni alikuja mbio, mikono juu, kama alivyofanya siku zote ili nimnyanyue. Mama alimdaka katikati akamweka nyuma ya sketi yake.

"Usimshike," alisema.

"Mama, kwani nini?"

"Nakuuliza kitu na unijibu kama mtoto wangu. Unafanya kazi na majini?"

"Ni jeni, mama."

"Si ndiyo hiyo nasema?"

"Si hiyo. Jeni ni kitu cha ndani ya mwili. Hata wewe unazo."

Hapo niliongeza petroli kwenye moto. Mama alijishika kifuani. "Mimi? Mimi nimebatizwa!"

Nilijaribu tena, na kadiri nilivyoeleza ndivyo nilivyozama. Mama aliningoja nimalize. Kisha akasema, kwa sauti ya chini, bila ukali: "Umemzika dada yako, mmetoka tumbo moja, na hujatoa hata chozi. Mzee anasema mtu akiwa na hiyo kitu, machozi ndiyo hukauka kwanza. Mimi sitaki kuamini. Lakini lisemwalo lipo. Njoo kanisani, uungame, uombewe, na hiyo kazi uiache. Halafu mtoto utapewa."

Nimekwisha kuulizwa mara nyingi kwa nini sikwenda tu nikaombewa. Kuombewa hakuumi. Lakini walitaka niungame mbele ya watu kwamba ninalo jini, na niache kazi. Nikiiacha kazi, mtoto nitamlisha nini? Nikiendelea nayo, mtoto sipewi. Na mwisho wa mwaka ulikuwa unakuja, mama ameshaanza kugawa masufuria yake kwa majirani.

Basi nikawa mgeni wa Jumamosi. Nilitoka Umoja na mkate na maziwa, nikapita soko la Burma nikanunua nyama ya mbavu, kwa sababu mtoto alipenda kung'ata mfupa. Mama aliipokea, akaipika, akanikaribisha vizuri. Nilikaa kwenye stuli ya mlangoni. Mtoto alikaa upande wa pili wa chumba, juu ya mkeka, na mama ndiye aliyemlisha. Mara moja mtoto aliniletea kijiko chake, akanyoosha mkono kunipa, na mama akasema "Acha, mama mdogo ni mgonjwa." Mtoto akakirudisha kijiko mkekani. Niliona kila kitu. Nilijua kwamba inauma. Kuihisi ndiko kulikonishinda, na hilo lilinitisha kuliko maneno ya mzee, kwa sababu kuna siku nilijiuliza kama huenda wanasema kweli.

Kazini niliendelea kama kawaida, na sampuli zangu zilikuwa safi kuliko wakati mwingine wowote. Mtu aliyekufa ganzi hatetemeki mkono. Mkubwa wangu wa maabara, mwanamke wa makamo asiyependa maneno mengi, ndiye aliyeniuliza siku moja mtoto anaendeleaje, nikamwambia yote. Hakucheka. Alisema tu, "Mlete mama aone."

"Mwanga wenyewe hauonekani," nilimkumbusha.

"Wa seli hauonekani. Ile protini safi tunayoijaribia mashine inaonekana, ukiitia ya kutosha na ukikaa gizani mpaka macho yazoee. Mlete Jumamosi."

Sikudhani mama angekubali. Alikubali haraka sana. "Nitakuja," alisema. "Nilione kwa macho yangu. Na likiwa hapo nitalikemea mwenyewe, sitamngoja mzee."

Alikuja amevaa kanzu yake nyeupe ya kanisa yenye msalaba mwekundu kifuani, kilemba cheupe, na kitambaa mkononi. Mtoto alimwachia jirani wa chang'aa, ambaye, nikiacha mambo yake ya mlango wa nyuma, alikuwa mlezi mzuri. Mlangoni tulimpa mama koti jeupe la maabara, akalivaa juu ya kanzu. Tukaingia. Mkubwa wangu alikuwa ndani na watu wengine wawili, wote makoti meupe, wote kimya, wameinamia kazi. Mama aliwatazama mmoja mmoja.

"Na nyinyi ni kanisa gani?" aliuliza.

Mkubwa wangu aliinuka akamsalimu kwa mikono miwili. "Shikamoo mama. Sisi ni wa kanisa la ng'ombe." Mama alimtazama, akaona hatanii kwa ubaya, akaitikia marahaba.

Chumba cha giza kilikuwa kidogo kuliko choo cha ploti. Kulikuwa na stuli mbili na meza. Nilipanga vitu vyangu kabla ya kuzima taa: kichupa chenye protini, kichupa chenye dawa. Nikamwambia mama tutakaa kwanza, mpaka macho yasahau mwanga wa nje. Nikafunga mlango, nikazima.

Giza lile ni zito. Nilimsikia mama akianza kuomba polepole, kwa lugha yetu, akimwita Mungu wa baba zake. Aliomba kwa muda. Kisha maombi yakaisha, tukabaki tunapumua. Goti lake lilikuwa linagusa langu. Nilijua ni mara ya kwanza tumegusana tangu mazishi, na nadhani naye alijua, lakini hakuliondoa.

"Uko tayari?" niliuliza.

"Washa."

Nikamimina. Ndani ya kichupa ukatokea mwanga, wa kijani uliochanganyika na manjano, hafifu, mkubwa kama punje ya mahindi. Ulitosha kuonyesha ncha za vidole vyangu, basi.

Nilimsikia mama akivuta pumzi, nikadhani sasa anakemea. Badala yake akauliza, "Hiyo tu?"

"Hiyo tu, mama."

"Inaunguza?"

"Haiunguzi. Shika."

Alikaa kidogo, kisha mkono wake ukaja, ukakichukua kichupa kutoka kwangu. Alikipitisha karibu na uso, nikaona pua yake na mdomo. "Ni baridi," alisema. Halafu, baada ya muda: "Hii naijua. Hii ni ile ya mtoni."

"Ndiyo hiyo. Yule mdudu."

"Dada yako alikuwa anawakamata. Anamponda mmoja, anajipaka hapa kwa paji la uso, anazunguka boma lote akipiga honi. Anasema yeye ni basi la Nairobi, nani anapanda." Mama alicheka kidogo, kwa pua. "Nilimchapa kwa hiyo. Nilimwambia utapofuka."

Nilikuwa nimelisahau. Nikaliona basi zima, na sauti ya honi, na mimi nikikimbia nyuma nikisema nangoja kiti. Kifua changu kilijua kwamba hapo ndipo pa kulia. Nilingoja. Hakikuja kitu.

Mwanga ukaanza kufifia mkononi mwa mama. "Sasa imekufa?" aliuliza.

"Haijafa. Imemaliza chakula chake."

Ukawa mdogo, ukawa kitu unachodhani unakiona, kisha ukaisha. Sikuwasha taa. Hapo gizani nikamweleza jambo la taa mbili, sijui kwa nini, labda kwa kuwa ndilo pekee nililokuwa nalo. Nikamwambia kwamba kuna wakati unaiuliza seli kitu na inakaa kimya, na ukiwa na haraka unasema imekufa. Nikasema, "Mama, sijakataa kulia. Nimejaribu."

Mkono wake ukanitafuta. Uligusa bega, ukapanda shingoni, ukafika usoni. Vidole vyake vilikuwa vigumu na vilinuka sukuma wiki, hata siku hiyo ya kanzu. Vilipita chini ya jicho moja, kisha la pili, taratibu, kama anayekagua nguo kama imekauka kambani.

"Kavu," alisema.

"Kavu."

Kisha akauchukua mkono wangu, akauweka usoni mwake mwenyewe, chini ya macho. Palikuwa pakavu.

"Tangu tumzike," alisema.

"Mama, wewe ulilia mpaka sauti ikaenda."

"Ile ilikuwa ya watu. Mama asipopiga nduru, watu watasema nini? Nilipiga kwa mdomo. Huku ndani hakuna kitu. Nangoja kila siku asubuhi, nasema leo itakuja, nasema labda nikiwa peke yangu kibandani. Hakuna." Aliushikilia mkono wangu pale pale. "Sijamwambia mtu. Mzee akisema ni jini inakausha machozi, mimi nikasema kwa roho, basi afadhali aangaliwe huyu, nisiangaliwe mimi."

Sikuwa na hasira naye, na nakuapia si kwa sababu ya ganzi.

"Kama ni jini," mama alisema gizani, "basi tuko nayo wawili."

Jumapili iliyofuata nilikwenda Kayole saa ambayo kanisa linamaliza. Walikuwa wamesimama barabarani, ngoma zimetulia, wanapangusana jasho. Mama alikuwa amembeba mtoto mgongoni. Mzee wa kanisa aliponiona nakuja alimwuliza mama, kwa upole kabisa, kama nimeshaombewa.

"Nimeiona mwenyewe," mama alisema. "Ni ya mdudu tu."

Mzee alitaka kusema kitu kingine, lakini mama alikuwa ameshaanza kufungua leso. Ilikuwa leso ya dada. Alimteremsha mtoto, akamweka mgongoni kwangu, akaizungusha leso na kuifunga kifuani kwangu kwa fundo lake, lile gumu ambalo huwezi kulifungua bila meno. Mtoto akalaza shavu mgongoni mwangu. Nilimshukuru, nikaaga, nikashika njia ya Umoja. Sikuhisi ninachodhani ningepaswa kuhisi. Nilihisi uzito wake, na joto lake pale chini ya mabega, na niliona hayo yanatosha kwa siku moja.

Mama, ambaye mtoto alimwita Kukhu, yaani nyanya kwa lugha yetu, alirudi nyumbani mwisho wa mwaka, kama alivyosema. Mtoto alibaki nami. Alikua, akaanza shule ya chekechea, akajifunza Sheng ya mtaani kabla ya Kiswahili, akawa anasema "jina ya mwalimu" na mimi namsahihisha, "la mwalimu", "jina la", mpaka ananishangaa ni nini kimenipata na neno hilo.

Mwaka uliofuata, siku ya kawaida kabisa, adhuhuri, nilikuwa nimepika nyama ya mbavu kutoka Burma. Nilikuwa namchambulia mfupani kwa sababu jino lake la mbele lilikuwa linauma. Alikuwa amevuta sahani karibu naye, sahani ya bati, akasema kwa sauti ya kujitosheleza, "Hii ni yangu." Ni hivyo tu. Nami nikiwa bado nimeshika mfupa, ikaja. Ilikuja yote. Nililia kwa sauti, mdomo wazi, mafuta ya nyama mikononi, nikashindwa hata kusimama nikafunge mlango. Nilijaribu kumwambia mtoto si kitu, nikashindwa.

Hakukimbia. Alishuka kwenye kiti, akaja akasimama kando yangu, akaniwekea mkono gotini.

"Kukhu alisema ukilia nisiogope," alisema.